Kompyuta Ndogo Iliyoachwa na Kiwanda: Kuiwekea Linux na Kuyalinda Majina Yaliyomo

Katika ukurasa huu tunaeleza kazi moja ambayo kamati za familia zilizohama makwao zinaweza kuifanya kwa mikono yao: kuchukua kompyuta ndogo ya zamani ambayo kiwanda chake hakiitunzi tena, kuiwekea mfumo wa Linux uliotayarishwa kwa mahitaji ya kamati, na kuitumia kuhifadhi karatasi za jamii. Tumeandika tukiwafikiria hasa wale wanaoishi ndani na kandokando ya Base ya Kamina, jimbo la Haut-Lomami, ila viongozi wa mahali pengine wanaweza kuifuata vilevile.

Watu wa Base wanajua orodha ni kitu gani. Wabelgiji waliijenga baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mwaka 1960 ikashikwa na Umoja wa Mataifa, na Novemba 1964 askari wa miavuli wa Ubelgiji walipitia hapo kabla ya kushuka Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani. Baada ya vita vya 1998 hadi 2003 ikawa mahali pa kuchanganya wapiganaji wa makundi mbalimbali wawe jeshi moja. Mwaka 2014 wapiganaji wa zamani kutoka mashariki, wengine pamoja na jamaa zao, waliletwa huko, kama wenzao walivyopelekwa Kitona na Kotakoli. Nao mji wa Kamina ni njia panda ya reli: upande mmoja Lubumbashi, upande mwingine Kasai hadi Ilebo, upande wa tatu Kabalo na Kalemie. Kundi linapofika mahali kama hapo, jambo la kwanza ni kuandikwa. Aliyeandikwa anapata unga na turubai. Asiyeandikwa anabaki kuuliza.

Daftari la orodha hiyo huliwa na mchwa, hulowa mvua, hubaki na mtu mmoja ambaye siku akisafiri kazi inasimama. Kwa hiyo kamati ikipewa kompyuta inafurahi, na ina haki ya kufurahi. Sisi tunaomba tu isianze kuandika majina siku hiyohiyo. Kwanza mashine itayarishwe.

Kwa nini mashine nzima huitwa mbovu

Kuanzia mwaka 2007 viwanda vilitoa kompyuta ndogo za bei nafuu zilizoitwa netibuku. Asus Eee PC 701 ya mwaka huo ilikuwa na skrini ya inchi 7, nafasi ya kuhifadhi ya GB 4 na kumbukumbu ya MB 512, na ilitoka kiwandani ikiwa na Linux tayari. Mwaka 2008 kampuni ya Intel ikaleta prosesa iitwayo Atom N270, ambayo utaikuta ndani ya Acer Aspire One, HP Mini, Dell Inspiron Mini na nyinginezo za miaka ile. Nyingi zilikuja na Windows XP, na baadaye Windows 7 Starter.

Windows XP ilikoma kupata marekebisho ya usalama tarehe 8 Aprili 2014, na Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Ofisi zikaziweka kando kompyuta hizo, na kutoka kabatini zikaanza safari ya kugawiwa. Ndiyo sababu kamati hupokea mashine ambayo skrini yake inawaka vizuri na kibodi inaandika, lakini inachukua dakika kumi kufunguka, na kila flashi inayochomekwa humo inatoka na virusi. Vyuma vyake havijaoza. Kilichoachwa nyuma ni programu kuu inayoviendesha, yaani mfumo.

Linux ni mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Hauuzwi, unaruhusiwa kuuchukua, kuunakili, kuubadili na kumpa jirani bila kuvunja sheria. Watu na vyama mbalimbali huukusanya pamoja na programu za kazi na kuutoa kwa jina lao, na kila mkusanyo huo tunauita toleo. Ruhusa hiyo ya kubadili na kugawa ndiyo itakayotusaidia hapo mbele.

Sasa, hapa ndipo wengi wanapokwama. Wanasikia kwamba Linux hufufua kompyuta za zamani, wanachukua toleo jipya linalosifiwa, na mashine inakataa hata kuanza. Sababu ni kwamba Atom N270 hufanya hesabu kwa biti 32 tu, wakati matoleo makubwa siku hizi yanatengenezwa kwa biti 64. Ubuntu iliacha mwaka 2017 kutoa toleo lake kuu la kompyuta za mezani kwa biti 32. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, nayo haina tena njia ya kuanza upya kwenye mashine hizo. Netibuku hiyo imeachwa mara mbili, na kiwanda chake na pia na wakubwa wa Linux.

Bado kuna mahali pa kukimbilia. Debian 12, iliyotoka Juni 2023, ina toleo la biti 32. Juu yake limejengwa toleo dogo liitwalo antiX 23, ambalo lilitengenezwa makusudi kwa kompyuta dhaifu. Kwa mashine yenye kumbukumbu ya GB 1 tunapendekeza antiX bila kusitasita. Ukiwa na GB 2, Debian 12 yenye sura nyepesi pia inafaa. Netibuku za kuanzia mwaka 2010, kama zile za Atom N450, zinakubali biti 64, kwa hiyo usihukumu kwa ukubwa wa skrini. Washa Linux yoyote kutoka kwenye flashi, fungua dirisha la amri, andika lscpu, na usome mstari unaotaja 32-bit peke yake au 32-bit pamoja na 64-bit.

Kutayarisha toleo la kamati

Kuweka Linux ya kawaida kwenye mashine moja ni kazi ya mchana mmoja. Lakini kamati zikiwa na mashine nne au tano, na intaneti ni ya simu inayolipiwa kwa kila megabaiti, haifai kila mashine ianze kuvuta programu zake peke yake. Afadhali mtu mmoja atayarishe mashine moja vizuri mahali penye intaneti nzuri, Lubumbashi kwa mfano, kisha aigeuze kuwa faili moja inayosafiri kwa flashi ndani ya mfuko wa shati. Kutoka hapo Base haihitaji intaneti hata kidogo siku ya kazi.

Toleo kamili la antiX ni faili ya karibu GB 2. Ukishaivuta, kabla ya kufanya lolote, linganisha alama yake ya utambulisho. Kwenye tovuti ya antiX, kando ya kila faili, kuna mfululizo wa herufi na tarakimu 64. Ukiandika amri ya sha256sum na jina la faili, kompyuta yako itakupa mfululizo wake. Ikiwa hata herufi moja imetofautiana, faili imeharibika njiani au imeguswa na mtu. Itupe uvute nyingine. Wengi huiruka hatua hii kwa uvivu, nasi tunaona ni sawa na kupokea gunia bila kulipima.

Kisha faili hiyo inaandikwa kwenye flashi. Kwa anayetumia Windows, programu iitwayo Rufus inafanya kazi hiyo; flashi ya GB 8 inatosha, na kila kitu kilichokuwamo kitafutika. Weka antiX kwenye kompyuta ya matayarisho. Hapa kuna siri nzuri: kompyuta ya matayarisho inaweza kuwa ya nguvu na ya biti 64, kwa sababu hiyo inakubali pia mfumo wa biti 32, wakati netibuku haikubali kinyume chake. Kazi ambayo Atom ingeifanya usiku kucha itaisha mapema.

Ndani ya mashine hiyo panga yale ambayo kamati itayahitaji. Lugha ya Kifaransa kwa menyu kama ndiyo mliyoizoea. Kwa barua na majedwali kuna LibreOffice. Msomaji anayependa kuandika kwa Kiswahili ajue kwamba kazi ya kuzifanya programu hizi ziseme lugha yetu ilianza zamani: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, na LibreOffice imetokana na ukoo huohuo. Kwa mashine ya MB 512, LibreOffice itawachosha; wekeni AbiWord kwa barua na Gnumeric kwa majedwali. Ongeza Kiwix, ambayo husoma ensaiklopidia ya Wikipedia bila intaneti. Vijana watakushukuru kuliko wazee. Mwisho weka fomu tupu za kamati: ya kuandikisha familia, ya kupokea misaada, ya kumbukumbu za kikao cha usuluhishi. Tupu, tunarudia.

antiX ina chombo kiitwacho ISO Snapshot. Kazi yake ni kuchukua mfumo mzima kama ulivyoupanga na kuufunga tena kuwa faili moja, tayari kuandikwa kwenye flashi nyingine. Hilo ndilo linakuwa toleo lenu. Chombo hiki kitakuuliza swali moja ambalo tunaomba ulisome mara mbili: je, kihifadhi akaunti za watumiaji au kizirudishe upya? Kuhifadhi ni kwa mtu anayejiwekea nakala yake binafsi. Kurudisha upya ni kwa anayegawia wengine. Kamati ichague la pili siku zote. Ukichagua la kwanza, barua zako, nywila zako, na orodha yoyote iliyokuwa katika mashine hiyo zitaingia ndani ya kila flashi utakayoitoa, na hakuna atakayejua, kwa kuwa kwa nje flashi zote zinafanana. Ndiyo maana tulisisitiza fomu tupu. Mashine ya matayarisho isiwe ile inayotumika kila siku na kamati.

Siku ya kuweka

Base ni eneo la jeshi. Kabla ya kuingia na kompyuta, waya na paneli ya jua, viongozi wapeleke taarifa kwa wenye mamlaka wa eneo, na anayebeba awe na barua ya kamati pamoja na karte yake ya uchaguzi. Kompyuta kadhaa zikifunguliwa pamoja ndani ya nyumba moja huzua maswali, na ni afadhali maswali hayo yajibiwe mapema.

Umeme ndio adui wa pili. Betri za netibuku hizi nyingi zimekufa, kwa hiyo jenereta ikizimika katikati ya kuandika diski, itabidi kuanza tena. Hakikisheni mafuta ya saa mbili, au kazi ifanyike mchana jua likiwa kali na betri kubwa imejaa. Baadhi ya Eee PC hutumia volti 12, na mafundi hushawishika kuziunganisha moja kwa moja kwenye betri ya sola. Betri inapochajiwa hupanda kupita volti 14. Tumieni kifaa cha kusawazisha volti, kwa maana mashine ikiungua hakuna toleo la Linux litakaloifufua.

Chomeka flashi, washa, na ubonyeze kitufe cha kuchagua mahali pa kuanzia: kwa Asus Eee mara nyingi ni Esc, kwa Dell F12, kwa HP F9. Acer nayo hutumia F12, ila huenda ukalazimika kwanza kuingia kwa F2 na kuiruhusu. antiX itafunguka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Usikimbilie kuiweka. Kaa nayo nusu saa, na ujaribu kila kifaa: kibodi yote, sauti, waifai, mwanga wa skrini. Waifai za kampuni ya Broadcom mara nyingine hudai faili ya ziada ambayo ni lazima ivutwe kutoka intaneti. Mkijua hivyo mapema, faili hiyo inatafutwa Lubumbashi na kuingizwa katika toleo. Netibuku za prosesa za Atom Z5 zina sehemu ya picha ambayo Linux huiendesha kwa shida: zitaandika barua, lakini video zitakwamakwama. Ukiwa na nafasi ya kuchagua kati ya zawadi, acha hizo.

Tazama pia saa. Ndani ya mashine kuna betri ndogo ya duara, kama ile ya saa ya mkononi, aina ya CR2032 kwa kawaida. Ikiisha, kompyuta hurudi nyuma miaka kila inapozimwa. Kamati inaweza kuliona jambo dogo, mpaka siku familia mbili zinapogombea nani aliandikwa kwanza, na kompyuta inasema wote waliandikwa tarehe 1 Januari 2009. Betri hiyo ni ya bei ndogo. Ibadilisheni.

Dirisha la kuweka mfumo limetengenezwa kwa skrini ndefu, nazo netibuku nyingi zina mistari 600 tu kwa urefu. Kitufe cha kuendelea kinafichika chini. Shikilia Alt, bonyeza ndani ya dirisha na ulivute juu. Watu wameacha kazi nzima kwa kukosa kujua hilo.

Ufunguo wa watu wawili

Programu ya kuweka itauliza kama diski ifungwe kwa ufunguo wa siri. Jibu ni ndiyo. Linux hutumia njia iitwayo LUKS: kila kitu kinachoandikwa kwenye diski kinavurugwa kiasi kwamba mwizi akiitoa diski na kuichomeka kwenye kompyuta nyingine ataona takataka tupu. Atom N270 haina vifaa vya kuharakisha hesabu hizo, kwa hiyo mashine itapungua mwendo kidogo. Tunaona ni gharama ya kulipa bila manung'uniko.

Sababu yetu ni hii. Mwaka 1994 nchini Rwanda, vitambulisho vilivyoandikwa kabila vilitumika kwenye vizuizi vya barabarani kuchagua nani apite na nani auawe. Vitambulisho hivyo havikuandikwa kwa ajili ya kuua. Viliandikwa na utawala kwa ajili ya utawala. Orodha ya familia zilizohama inasema jina la mtu, ametoka wapi, analala wapi sasa na ana watoto wangapi. Katika mikono ya kamati ni unga na turubai. Katika mikono ya aliyemfukuza, ni ramani.

Na tuseme wazi: si wageni tu wanaoogopwa. Ndani ya Base wanaweza kuishi kando kwa kando waliokimbia vita na waliowahi kubeba silaha, wasemao Kiluba na wasemao Tshiluba, wenyeji na wapya. Orodha ikilala kwa kiongozi wa upande mmoja, upande wa pili utasema imepunguzwa, hata kama haikuguswa. Ugomvi wa namna hiyo hausuluhishwi kwa hotuba. Hapa kompyuta inaweza kusaidia kwa njia ambayo daftari haliwezi.

Ufunguo wa LUKS ni maneno. Chagueni maneno 6 yasiyohusiana, matatu yachaguliwe na kiongozi wa upande mmoja, matatu na wa upande mwingine, kila mmoja akiyaficha yake. Siku ya kuweka, wa kwanza anaandika yake, anaondoka kwenye kiti, wa pili anaandika yake. Tangu hapo mashine haifunguki mpaka wote wawili wawepo, kama sanduku lenye kufuli mbili. Inachosha, tunakubali, kamati zenye kazi ya kila siku zitaona ni mzigo. Basi orodha ikae kwenye mashine hiyo moja inayofunguliwa siku ya kikao, na barua za kawaida ziandikwe kwenye nyingine.

Kuna mtego wa kibodi. Kibodi za Kongo ni za Kifaransa, zenye herufi AZERTY juu kushoto, na mara nyingine swali la ufunguo huja kabla mashine haijasoma mpangilio huo. Itadhani ni kibodi ya Kimarekani. Ukibonyeza A itaandika Q, Z itakuwa W, na M pamoja na tarakimu zitapotea kabisa. Kwa hiyo epukeni herufi A, Q, Z, W na M. Kwa Kiswahili hilo ni jaribu, maana A imo karibu katika kila neno letu! Lakini yapo: kijiji, fisi, ndege, tope, pori, kiti. Msitumie haya tuliyoyachapa hapa. Tafuteni mengine, na wazee wataufurahia mchezo huo.

Mmoja wa wawili hao akifa, au akipanda treni kurudi kwao, itakuwaje? LUKS inakubali funguo kadhaa kwa diski moja, nafasi 8 hata katika aina yake ya zamani. Wekeni ufunguo wa pili kwa jozi nyingine ya viongozi, mmoja wao akiwa mama, kwa amri ya cryptsetup luksAddKey. Fundi wenu aijue. Msiache jambo hili mpaka kesho. Ufunguo uliosahaulika hauna mlango wa nyuma: hakuna ofisi, wala fundi, wala kiwanda kitakachoufungua, na orodha imekwenda.

Kile ambacho ufunguo hauwezi

Diski iliyofungwa inalinda mashine iliyozimwa. Iliyolala kwa kufunikwa kifuniko bado iko wazi, kwa hiyo baada ya kikao izimeni kabisa. Flashi za nakala nazo zifungwe kwa njia ileile, maana hazina faida ya kufunga mlango ukiacha dirisha. Faili iliyofutwa pia haijaondoka, inabaki kwenye diski mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Ndiyo maana mashine ya zawadi isianze kutumika pamoja na mafaili ya mwenyewe wa kwanza, bali diski nzima ifutwe siku ya kuweka.

Mtu mwenye bunduki akisema fungua, fungueni. Hakuna orodha inayolingana na uhai wa mshika ufunguo, na tusingependa kiongozi yeyote asome makala hii na kujiona amepewa jukumu la kufa kwa ajili ya kompyuta. Kwa hiyo ulinzi wa kwanza kabisa ni yale mnayoamua kutoandika. Fomu ya kugawa unga haihitaji kabila. Haihitaji kuonyesha nani aliwahi kuwa na kundi gani porini. Kumbukumbu za usuluhishi zinaweza kutaja makubaliano bila kutaja nani alimshtaki nani, wahusika wanajijua. Binti aliyetendewa ubaya asiandikwe jina lake popote katika mashine ya kamati. Habari yake ni ya mganga na ya yeye mwenyewe. Mkiona shirika limeleta fomu yenye maswali ya namna hiyo, mna haki ya kuuliza jibu litakwenda kwa nani, na kuacha nafasi wazi mpaka mjibiwe. Kwetu sisi pia mtuulize.

Jambo la mwisho ni marekebisho ya usalama. Debian 12 ilipangiwa kutunzwa kwa takriban miaka mitano tangu itoke, na antiX 23 inategemea hazina yake. Mara moja kila miezi mitatu, ile mashine ya barua, isiyo na orodha, ipelekwe mjini Kamina, iunganishwe na simu, na isasishwe. Mashine ya orodha haina haja ya kusafiri. Zimeni waifai yake ndani ya mipangilio ya mwanzo, na ibaki hapo ilipo.